Nani Anashika Daftari la Saluni?

Hapa mjini Unguja saluni ya kike huanza na mtu mmoja. Ana mkono mzuri, watu wa mtaani wanamjua, anafungua chumba cha mbele cha nyumba yao Jang'ombe au Kikwajuni, anatundika pazia, ananunua draya moja na beseni la kuoshea vichwa, na kazi inaanza. Akichukua msichana wa kumsaidia, wawili hao wanakula sahani moja na wanaiona pesa ile ile ikiingia. Manung'uniko yapo, lakini hayana pa kujificha. Bi mkubwa akisema leo hakuna kitu, msichana naye kashinda pale kutwa, anajua kama kweli hakuna kitu.

Mambo hugeuka linapofunguliwa tawi la pili. Mwenye saluni hawezi kuwa Darajani na Mwanakwerekwe kwa wakati mmoja, kwa hivyo anaweka msimamizi, anaweka mshika fedha, ananunua daftari. Tangu hapo aliyeshika kitana hajui tena kilichoingia, anajua alichoambiwa. Nimefanya kazi kwenye saluni ya namna hiyo, yenye matawi mjini na tawi moja pwani ya mashariki kwa watalii, kwanza nikiwa msusi, baadaye nikashika fedha. Na ninachotaka kukisema hapa ni kimoja: maradhi makubwa ya saluni za matawi ni kwamba hesabu ya kazi ya msusi inaandikwa na upande mmoja tu. Malipo madogo, faini, kuhamishwa ovyo, hata kifua kinachobana mwisho wa siku, ukivifuata vyote vinakurudisha kwenye lile daftari.

Chukua asilimia. Wasusi wengi hawana mshahara, wanalipwa kwa kichwa. Unaambiwa siku ya kwanza, kwa mdomo, kuwa utapata arobaini kwa mia na saluni itachukua sitini. Inasikika vizuri. Sasa tuseme mteja kaja kupaka dawa ya kulainisha nywele, kalipa 30,000. Kabla ya kugawa, inatolewa gharama ya dawa, 10,000. Halafu inatolewa ya sabuni, taulo na umeme, 5,000. Zimebaki 15,000, na arobaini kwa mia yake ni 6,000. Umefanya kazi ya 30,000 ukapata 6,000, yaani ishirini kwa mia, na aliyekuambia arobaini hajakudanganya neno hata moja. Kila kitu kipo kwenye daftari. Ila kopo la dawa linapaka vichwa vingapi, hilo daftarini halimo, na ndilo lingekuonesha kuwa ile 10,000 imekatwa kwa mteja wa kwanza, ikakatwa tena kwa wa pili na wa tatu wa kopo lile lile.

Rasta ndogo ni kazi ya mchana kutwa. Wasichana wawili wanaingia kichwa kimoja, mmoja kulia mmoja kushoto, wanasimama tangu asubuhi mpaka baada ya alasiri, na kile kifungu cha msusi wanakigawa tena. Ukiigawa pesa kwa saa utashituka. Lakini saa hazimo kwenye daftari, mna vichwa tu. Ndiyo maana msimamizi anayetazama karatasi mwisho wa wiki anamwona aliyesuka rasta kuwa mvivu, na aliyepiga draya vichwa kumi kuwa hodari.

Huko pwani hesabu ilizidi kuwa na giza, kwa sababu bei zilikuwa zimebandikwa kwa dola na msusi akilipwa kwa shilingi. Tuseme mtalii alilipa dola 50 za kusukwa twende kilioni yenye shanga. Dukani kwa wabadilishaji fedha dola siku hiyo ilikuwa 2,600, lakini afisini waliamua dola yao ni 2,300 mwaka mzima. Hapo zimepotea 15,000 kabla msusi hajafikiriwa. Na mtalii akitaka kumwachia msichana bakhshishi, hana noti mkononi siku hizi, anaijumlisha kwenye kadi au anaituma lipa namba, na lipa namba ni ya mwenye saluni. Nilipokuwa nashika fedha nilikuwa naiandika bakhshishi pembeni kwa kalamu nyekundu, jina na kiasi, ili isije ikasahauliwa. Niliambiwa niache, kwamba daftari linachafuka.

Kisha inaingia Ramadhani, na hapo ndipo malipo ya kwa kichwa yanapoonesha uso wake. Mji unapoa. Mchana hakuna anayekuja kusuka, harusi zimesita, saluni nyengine zinafungua baada ya futari tu. Msusi anakuja, anafagia, anakaa, anarudi nyumbani na sifuri, katika mwezi ambao nyumba inataka futari na watoto wanataka nguo za Idd. Hajafukuzwa na wala hajapewa likizo, yupo kazini bila ya kipato. Likifika kumi la mwisho mambo yanapinduka: hina, piko, nywele, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na wasichana wanafanya kazi hadi wakati wa daku. Halafu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unafungua msimu wa harusi na mbio zinaendelea. Mwenye saluni anayaona mapato ya mwaka mzima kwa pamoja, miezi ya neema inafidia ule wa njaa. Msusi hana pa kuweka akiba ya namna hiyo. Kama kuna jambo moja la kulidai kabla ya mengine yote, kwangu mimi ni mshahara wa msingi, hata mdogo, unaolipwa kila mwezi pamoja na Ramadhani, asilimia ikaja juu yake.

Lakini watu wakiniuliza ni nini kilichowaumiza wasichana wetu kuliko pesa, jibu langu ni kuhamishwa.

Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kudhani tawi ni tawi. Siyo. Mteja wa kike Zanzibar hamfuati meneja wala hafuati jina lililoandikwa mlangoni, anafuata mkono wa mtu. Anajua msusi wake hambani sana kwenye paji la uso, anajua hasimulii mambo yake nje, anajua kuwa akivua mtandio mbele yake ni sawa na kuvua mbele ya dadake. Imani hiyo inajengwa kwa miaka. Sasa mwenye asilimia akihamishwa kutoka Darajani kwenda Fuoni, au kutoka mjini kwenda pwani, amenyang'anywa wateja wake wote kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Nauli ya daladala imepanda, saa za njiani zimeongezeka, na kule anakoenda anaanza na viti vitupu. Na nilikuwa nikiona anayehamishwa ni nani. Ni yule aliyeuliza juu ya dawa, ni aliyekataa kufanya kazi ya Ijumaa mchana bila kupata nafasi ya kusali, ni aliyeonekana akimpa mteja namba yake ya simu. Kwenye daftari iliandikwa "mahitaji ya tawi".

Juu ya hiyo namba ya simu, wenye saluni wana hoja na sitaki kuipuuza. Amelipa kodi ya mwaka mbele, ana leseni, amenunua vifaa, amemfundisha msichana aliyekuja hajui kushika kitana. Baada ya muda msichana anaondoka na nusu ya wateja, anawasukia uani kwao kwa bei ya chini. Inauma, na hutokea sana. Pia wizi upo, haufichiki: mteja analipa mkononi, haandikwi. Lakini dawa yake siyo kumzuia mtu asijulikane na wanaompenda. Wasichana niliowaona wakikaa miaka kwenye saluni moja ni wale waliokuwa na uhakika wa kesho yao pale. Aliyeondoka usiku na wateja, mara nyingi ndiye aliyekuwa keshahamishwa mara mbili.

Kulikuwa na kisa cha kamera. Mwenye saluni alikuwa safarini Dubai na alitaka kuyaona matawi yake kwenye simu. Mafundi wakaja wakatundika kamera ukutani, zikiangalia viti. Siku hiyo hiyo mteja mmoja, mtu mzima, mke wa watu, aliinua macho akaiona, akajifunika kichwa kikiwa na povu la sabuni, akatoka. Habari ikaenea Mlandege na Michenzani kabla ya magharibi. Wasusi walikuwa wameshasema tangu asubuhi kuwa jambo hili halifai, kwamba mwanamke anakuja hapa akijua hakuna jicho la mtu baki, na walijibiwa kuwa wanaogopa kamera kwa sababu wanaiba. Zilihamishwa baadaye zikaangalia meza ya fedha tu, na hapo mimi nilizikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa meza ya fedha ndiyo inayohitaji shahidi. Ila neno lile la kuiba halikufutwa. Wasichana hao wanasafisha vichwa vya watu tangu asubuhi, wanashika pete na herini za dhahabu za wateja, na hakuna siku kilipotea kitu.

Stara hiyo hiyo ina jambo lake jengine ambalo halizungumzwi, nalo ni hewa. Saluni ya kike inafungwa. Madirisha yamebandikwa karatasi au rangi, pazia zito mlangoni, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile. Ndani mna dawa ya kulainisha nywele, mna rangi, mna moshi wa nywele zinazopigwa pasi ya moto, mna udi juu yake. Mteja anakaa saa mbili anatoka. Msusi yumo kutwa, kila siku, na mara nyengine na mimba.

Na vitu hivyo si maji ya asumini. Dawa kali za kulainisha nywele zina haidroksidi ya sodiamu, kitu cha aina ile ile kinachotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Ndiyo maana ikizidi dakika inaunguza ngozi ya kichwa. Baadhi ya dawa za kunyoosha zinazopigwa pasi zinatoa fomaldehaidi zikipata moto, na fomaldehaidi inajulikana kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitazama kazi ya kutengeneza nywele yenyewe, na katika kitabu chake cha 2010 likaiweka kwenye kundi la mambo yenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, hasa kwa sababu ya saratani ya kibofu cha mkojo iliyoonekana kwa watu wa kazi hiyo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 walieleza kuwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari ya saratani ya mji wa mimba iliyozidi mara mbili ya wasiotumia. Utafiti huo ulihusu wanaopakwa. Anayepaka hakuhesabiwa, kama kawaida yake.

Piko nayo. Piko nyeusi tunayochorea maharusi kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Nchi za Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi 2 kwa mia, na hazikubali ipakwe kwenye ngozi. Hapa kwetu bi harusi anachorwa mikono mpaka viwiko na miguu mpaka magoti, na mchoraji anaikoroga na kuishika usiku kucha msimu mzima. Wapo waliovimba mikono wakaambiwa wana mzio, wakarudi kazini Jumamosi kwa sababu bila kichwa hakuna pesa. Hina ya majani haina shida hiyo. Mteja akiambiwa ukweli, wengi huchagua hina, mradi aambiwe na mtu asiyelipwa zaidi kwa kuuza piko.

Glavu zilikuwa zinanunuliwa boksi moja kwa mwezi kwa tawi zima. Zikiisha, msusi anajinunulia, au anapaka mkono mtupu. Feni ya kutolea hewa nje, inayowekwa juu ya ukuta ambako hakuna anayeweza kuchungulia, haifiki bei ya wigi zuri. Nyumba za Mji Mkongwe zina matundu ya hewa juu kabisa, chini ya dari, na wanawake waliishi humo kwa stara kamili. Kwa hivyo nikiambiwa kwamba saluni ya kike lazima izibwe pumzi, sikubali.

Sheria ipo. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hivyo Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka huo huo. Ipo Kamisheni ya Kazi. Upo Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, tangu 1998. Msusi wa saluni ya matawi ni mwajiriwa, hata akiitwa "mshirika" au "mwanafunzi", kwa sababu anapangiwa saa, anapangiwa tawi, na anakatwa akichelewa. Lakini mkaguzi akija na ni mwanamume, anaishia mlangoni kwenye pazia, na ni haki yake aishie hapo. Wanatakiwa wakaguzi wa kike, wapige hodi, waingie, wakae saa nzima wavute ile hewa.

Wanaoumia zaidi ni waliotoka bara. Msichana kaletwa kutoka Tanga au Mwanza, nauli ya boti kalipiwa, chumba anapangishiwa na mwenye saluni pamoja na wenzake, na vyote vinakatwa kwenye asilimia yake. Akigombana na msimamizi, kagombana pia na mwenye nyumba. Hana mjomba wa kwenda kulalamika kwake, na kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anaogopa. Hawa wanatakiwa wapewe mkataba wa maandishi kabla hawajapanda boti, ukisema kodi ni ngapi na deni la nauli litaisha lini. Nimeona deni la nauli lisiloisha.

Wanafunzi nao ni mlango wa kazi ya bure. Anayejifunza analipa ada, anafagia, anafua mataulo, anaosha vichwa vya wateja wanaolipa, na mafunzo hayana mwisho uliotajwa. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba vinatoa vyeti vya kazi mbalimbali. Saluni inayotaka kufundisha ingeweza kuandika tu: miezi fulani, mitindo fulani, kisha analipwa.

Wanawake wanaofanya kazi majumbani walikuwa wakiambiwa kuwa hawawezi kuwa na chama, kwa sababu kila mmoja yuko peke yake ndani ya nyumba ya mtu. Leo CHODAWU-Z, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, majumbani na kazi nyengine hapa Zanzibar, inawapokea. Wasusi wana nafuu kubwa, wanakaa kumi chini ya dari moja.

Kabla ya chama, ipo hatua ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Kila msusi awe na daftari lake. Tarehe, kazi, saa ya kuanza na ya kumaliza, mteja amelipa ngapi, nimepata ngapi, bakhshishi, tawi. Na kopo la dawa limefunguliwa siku gani, limekwisha siku gani. Mwisho wa wiki liwekwe mezani pembeni mwa lile la saluni, mistari isomwe mmoja mmoja, na kila upande utie saini kwenye daftari la mwenzake. Wasichana wa tawi letu moja walianza kufanya hivyo kwa simu zao. Mshika fedha aliyenifuata aliona kazi yake imekuwa rahisi, kwa sababu ugomvi wa Jumamosi jioni ulipungua, na msimamizi mwenyewe akagundua dawa ilikuwa inakatwa mara mbili. Walirudishiwa ya miezi miwili. Ya nyuma yake hayakuwa na ushahidi.

Yanayobaki ni kuchagua wakati. Ukiomba mshahara wa msingi katika Ramadhani utaambiwa saluni haina kitu, na utaoneshwa viti vitupu. Ukiomba Mfunguo Tano, utaambiwa subiri msimu. Ombeni Rajabu. Harusi za Shaabani zimeshawekewa nafasi, amana zimeshapokewa, akina mama wameshataja kwa majina ni nani wanamtaka ampambe binti yao. Nendeni wote pamoja, mkiwa na madaftari, mambo yawe matatu: mshahara wa msingi, glavu na feni, na taarifa ya mwezi mmoja kabla ya mtu kuhamishwa tawi. Yaandikwe, yatiwe saini, na kila mmoja abaki na nakala yake.